Soma Kama Ilivyoandikwa

Juzi mjukuu wangu Rehema alinijia hapa nyumbani Kwamndolwa na mkoba wa vyombo. Akasogeza meza yangu ya chakula bila kuuliza, akaondoa vitambaa vyangu vya makochi kwa sababu eti vinang'aa mno, halafu akasimamisha mbele yangu kioo kilichoinama kama mtu mwenye ugonjwa wa kiuno. Chini ya kioo akalaza kishikwambi, na maneno yakaanza kupanda kwenye kile kioo, meupe, taratibu, mstari nyuma ya mstari. Kamera ilikuwa nyuma yake. "Bibi, wewe unasoma tu," akasema. "Hii kitu ni simpo. Unasoma huku unaiangalia kamera, mtu akikuona anajua unaongea kutoka moyoni." Nikamuuliza hayo maneno ni ya nani. Akasema ni ya ofisi. Ofisi iliyomtuma inakusanya kumbukumbu za walimu wa zamani wa kisomo cha watu wazima, na ili wasituchoshe sisi wazee, wameshatuandikia tunachokikumbuka. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Wameshatuandikia tunachokikumbuka! Rehema akadhani nimefurahi, akacheka na yeye, maskini. Mimi nilikuwa namwona mtu mwingine kabisa, amesimama kwenye jua la Handeni miaka ile ya Ujamaa, na miwani myeusi usoni, akieleza jambo hilohilo kwa fahari ya jogoo anayedhani asipowika hakutakucha.

Ukoo wangu sitausimulia. Anayeutaka aende makaburini Kilole akausome. Nasimulia mwaka mmoja tu, ule wa watu kuhamia vijijini, mimi nikiwa na miaka ishirini, cheti changu cha darasa la saba mkobani na sanduku la chaki kichwani. Nilipewa semina ya wiki chache hapa Korogwe, nikapelekwa Handeni, upande wa Misima, kufundisha watu wazima katika kijiji ambacho kilikuwa bado kinanuka miti mibichi. Nyumba zilipangwa mistari kama paredi ya wanafunzi, nyingi hazijakandikwa udongo, ukilala unamwona jirani anavyojigeuza. Watu walikuwa wametolewa kwenye makazi yao ya zamani, kila mmoja alikokuwa na migomba yake na makaburi yake, wakaambiwa hapa ndipo zitakapofika shule, zahanati na maji ya bomba. Shule ilikuwa kibanda changu. Zahanati ilikuwa rundo la mbao lililofunikwa makuti. Maji ya bomba yalikuwa maneno ya Katibu Kata, mtu ambaye tumbo lake lilihamia kijijini kabla yake, na ambaye kila mkutano alituapia kwamba jina letu liko kwenye orodha ya wilaya, pampu inakuja, tuvute subira. Watu walivuta subira. Wangevuta nini kingine?

Nilipangiwa kulala kwa Bi Mwanjaa, mjane wa Kizigua, mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache na macho yasiyopepesa. Chumba alichonipa ndicho pekee kilichokuwa kimekandikwa. Yeye alilala upande wa pili na kuku wake watatu. Kila alfajiri alikwenda lamboni, mwendo wa saa nzima kwenda, na zaidi ya saa kurudi na debe kichwani. Lambo ni bwawa la kuchimbwa linalokinga mvua, na mwaka ule mvua ilitususia. Upande mmoja ng'ombe wa Wamaasai walizama hadi tumboni, upande wa pili sisi tukachota. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliyaacha yatulie, akayachuja kwa kipande cha kanga, akayahamisha mtungi, akayachuja tena, na nilipoamka nilikuta kata zangu tatu za kuoga ziko kwenye karai nyuma ya nyumba, zimefunikwa ungo ili kuku wasitie midomo. Asante yangu ilikuwa ya mdomoni tu. Nilidhani ni haki ya mwalimu. Jioni tulikula ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano ya msaada uliokuwa ukinuka magunia, na mboga ya porini, mchunga, uliochemshwa bila mafuta, mchungu kama jina lake. Nilipoukunjia uso, Bi Mwanjaa alinisogezea bakuli. "Kula, Mwalimu," alikuwa akiniambia. "Unga huu umesafiri kuliko sisi sote. Tusiuvunje moyo."

Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kama mtoto wake. Mchana, nikiingia darasani, alisimama pamoja na wenzake na kuniita Mwalimu. Alikuja kusoma kwa sababu moja tu, na siku ya kwanza aliisema mbele ya watu wote: amechoka kusomewa. Kila mara karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa ghala, wanakijiji wakakusanyika, na karani wa Katibu akawasomea. "Karatasi ina mistari kumi," Bi Mwanjaa alisema, "yeye anasoma mitatu, saba anaimeza. Nataka nijue anameza nini." Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Kwa miezi minane hakukosa hata siku moja. Alikuja na vumbi la shamba miguuni, akaandika kwa kijiti mchangani daftari lilipokwisha. Na mimi nilikuwa na mtindo wangu wa kufundisha niliojivunia sana. Kila siku niliandika ubaoni kitu kimoja kisicho kweli kwa makusudi. Niliandika mbuzi anataga, au Handeni iko baharini, na mwanafunzi aliyekiona alitakiwa anyooshe mkono na kusema kwa sauti, "Mwalimu, hapa pamekosewa." Niliwaambia kusoma si kutamka tu, kusoma ni kukataa mbuzi kutaga. Maneno mazuri! Nilikuwa na maneno mazuri mengi siku zile. Bi Mwanjaa hakuniachia hata mbuzi mmoja apite.

Ndipo wakaja watu wa filamu. Walishuka kwenye Landrova watu watatu kutoka Dar es Salaam, wamejaa vumbi na manung'uniko. Mkubwa wao alivaa miwani myeusi na suruali yenye miguu mipana ya kufagilia njia, na tangu aliposhuka hakuacha kupiga kelele, "Kimya! Kimya!" Aliwanyamazisha kuku. Aliwanyamazisha watoto. Alimnyamazisha muadhini mchana kweupe, eti sauti inaingia kwenye kinasa, mpaka wazee wa msikiti wakamtazama kama wanavyotazama mtu aliyejambia chakulani. Kabla jua halijapanda kijiji kizima kilikuwa kinamwita Bwana Kimya, na hadi leo jina lake halisi silijui na sina haja nalo. Alikuwa amesoma Ulaya miezi tisa. Najua ni tisa kwa sababu alituambia kila alipokaa. Ulaya hawakai kwenye kigoda hivi. Ulaya kuku hawaingii kwenye picha. Nilimsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Miezi tisa? Basi na azae tujue moja." Yanga hakula. Katibu alimchinjia jogoo siku ya kwanza, na jogoo siku ya pili, na mchele ukatafutwa usikojulikana, na sisi tuliokuwa tukipita nyuma ya nyumba ya Katibu tukameza harufu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kisomo. Walitaka mkulima mmoja, mwanamke, aliyejifunza kusoma ukubwani, asimame mbele ya kamera na kueleza maisha mapya ya kijiji, halafu filamu izungushwe mikoa mingine kuwalainisha watu waliokuwa bado wanagoma kuhama. Niliitwa nyumbani kwa Katibu kumtaja mwanafunzi bora. Nilikuwa bado sijapiga hodi, niko kibarazani navua ndala, nikamsikia Bwana Kimya ndani, mdomo umejaa wali. "Hawa watu ukiwaacha waseme yao, tutakaa hapa mpaka Krismasi," alisema. "Mmoja atakwambia ng'ombe wake, mwingine jino lake. Maneno nimeshayaandika. Tatizo ni kwamba mtu wa shamba hawezi kukariri, na akisoma karatasi anainamisha kichwa, picha inaharibika." Katibu akauliza basi itakuwaje. "Ulaya wana mashine," alisema Bwana Kimya, na nikasikia kijiko kikigonga sahani. "Maneno yanapita yenyewe karibu na kamera. Mtu anasoma, anayemwona anadhani anasema kutoka moyoni." Nilitakiwa niudhike pale kibarazani. Sikuudhika. Nilivaa tabasamu, nikapiga hodi, nikamtaja Bi Mwanjaa kama mtu anayetaja jina la ng'ombe wake aliyenona.

Mashine ya Ulaya haikuwepo, kwa hiyo ilitengenezwa ya kwetu, na sijawahi kuona takataka iliyoheshimiwa kama ile. Fundi wa kijiji aliunga fremu kwa mbao, na mbao zilitoka kwenye rundo la zahanati. Juu na chini akaweka miti miwili ya kuviringishia nguo, na mti wa chini akaufunga pedali ya baiskeli ili uzungushwe. Ikabaki nguo. Hapo nataka mnisikilize. Tangu mwezi wa Ramadhani duka la kijiji lilikuwa halina nguo. Mwenye duka aliapa hana, na kinamama wawili waliwazika watoto wao kwa shuka kuukuu kwa sababu bafta ya sanda haikuwepo. Katibu aliandika kijikaratasi mistari miwili, na bafta ikatoka chini ya kaunta, jora zima, jeupe pe, halijakatwa hata kiganja. Wanawake waliokuwa wamekaa barazani wakipukuchua mahindi walilitazama jora likipita begani kwa karani. Bi Mwanjaa alikuwa miongoni mwao, na nilimwona akilifuata kwa macho mpaka lilipoingia kwa Katibu, kisha akarudia mahindi yake.

Bafta ikakatwa vipande virefu, ikashonwa, na mimi nikapewa kopo la rangi nyeusi na brashi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kweli, na ndio ulionipofusha. Niliandika siku nzima, nimepiga magoti kwenye ukumbi wa Katibu, herufi kubwa kama viganja, na Bwana Kimya akasimama nyuma yangu akisema, "Tazama a hiyo! Tazama k!" Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu mwenye viatu. Nilikuwa nimefika katikati nilipokutana na mstari huu kwenye karatasi yake: Kijijini kwetu maji safi ya bomba tunayo, hatuna shida. Nikainua brashi. Nikasema, kwa adabu, kwamba maji bado hayajafika. "Yanakuja," alisema Bwana Kimya. "Filamu itachukua miezi kutengenezwa. Ikitoka, maji yatakuwa yametoka." Katibu akaongeza kwamba tena itasaidia kuyaharakisha, wakubwa wakiona. Halafu Bwana Kimya akaniuliza kama nataka kusoma zaidi ya darasa la saba. Nikamwambia natamani chuo cha ualimu. Akasema ana rafiki yake huko, kesho atamwandikia barua, na Katibu atatia muhuri. Basi. Haikuchukua hata dakika ya kunywa maji. Nikachovya brashi, nikaandika tunayo, na mkia wa y nikauzungusha kwa madoido.

Jioni ile Bi Mwanjaa alipika kunde. Alizipata kwa dada yake, akasema kesho ni siku kubwa, mwalimu wake asiende na tumbo la mchunga. Tulikaa kwenye mkeka mlangoni, akanisogezea upande wenye mchuzi, na wakati nanawa aliniuliza kitakachosomwa ni nini. Nikasema mambo ya kisomo. Akauliza kama ni marefu. Nikasema si marefu, na nimeandika kwa herufi kubwa, hatapata tabu. "Basi kama umeandika wewe sina wasiwasi," alisema. Nikaendelea kula. Kunde zilikuwa tamu, zimelegea vizuri, na nilimaliza sahani. Watu husema fadhila za punda ni mateke, lakini punda angalau hupiga teke akiwa hajashiba.

Kesho yake waliona haitoshi kusema bomba, lazima lionekane. Karani alichomeka kipande cha bomba ardhini pembeni ya uwanja, koki ikafungwa juu, na nyuma ya kichuguu likawekwa pipa lenye mpira uliopita chini ya majani. Pipa linataka maji. Katibu akatangaza kila nyumba ya mstari wa mbele ilete debe moja. Maji yale yale! Yaliyobebwa kichwani tangu alfajiri, yaliyotulizwa na kuchujwa, wanawake wakayaleta na kuyamimina kwenye pipa ili yatoke kwenye koki yakionekana yametoka serikalini. Bi Mwanjaa alileta lake. Mimi sikuoga siku ile, na hiyo ndiyo gharama pekee niliyolipa. Koki ilipofunguliwa maji yakatoka na rangi yake ya chai, Bwana Kimya akalaani kwa Kiingereza, kisha akasema haidhuru, filamu haina rangi. Mpiga picha wake, kijana mpole aitwaye Idi, alisimama kando akifuta kioo cha kamera kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji kufutwa.

Wakamsimamisha Bi Mwanjaa mbele ya bomba. Walikuwa wamemvisha kanga mpya ya mke wa Katibu na kumshikisha kitabu, na Bwana Kimya alimzunguka akimvuta huku na huku kama mtu anayepanga kabati. Fremu ikawekwa chini ya kamera. Mimi nilichuchumaa pembeni yake, mkono wa kushoto kwenye pedali na mkono wa kulia brashi, kwa sababu rangi ilikuwa ikipasuka nguo ikizunguka na nilitakiwa kuziba herufi zilizobanduka. Kopo lilikuwa miguuni pangu. Kijiji kizima kimekaa nyuma, kimya, kwa amri. "Haya!" akasema Bwana Kimya, na nikaanza kuzungusha. Bi Mwanjaa akasoma. Wallahi alisoma. "Mimi ni mkulima wa kijiji cha Ujamaa. Zamani nilikuwa sijui kusoma. Leo nimejua." Sauti haikutetemeka, macho yameinuka, kila neno lina uzito wake, na nyuma nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Moyo wangu ulijaa. Kwa pumzi moja nilisahau kilichokuwa kinapanda kwenye nguo.

"Kijijini kwetu," akasoma, "maji safi ya bomba." Nikaona midomo yake inarudia mstari bila sauti, mara moja, mara mbili. Kisha kitabu akakihamishia mkono wa kushoto, na wa kulia akaunyoosha juu, vidole vimebanana, kama nilivyomfundisha. "Mwalimu," akasema, "hapa pamekosewa."

Bwana Kimya alipiga kofi paja lake. "Simamisha! Nini tena? Si nilisema mtu wa shamba hawezi?" Katibu akaja mbio, tumbo likitangulia. "Bi Mwanjaa, we soma tu, usituaibishe mbele ya wageni." Hakumtazama hata mmoja wao. Alinitazama mimi. "Nasema na Mwalimu wangu," alisema. "Mwalimu, umeandika tunayo. Hatunayo. Haya ya koki nimeyaleta mimi, na wenzangu wale pale. Tukisema tunayo, nani atatuletea?" Mkono wake ulikuwa bado uko juu. Nyuma yake wanawake wote walikuwa wananiangalia, wale wa jora la bafta, wale wa madebe, na wazee wa msikiti, na jua linachoma, na hakuna mtu aliyesema kimya maana kimya kilikuwepo. Katibu akaninong'oneza bila kufungua meno, "Muhuri sijautia bado." Nakumbuka hasa kwamba sikuogopa. Ningeogopa ningejisamehe. Niliona haya, niliona ananifedhehesha mbele ya watu wa Dar es Salaam, bibi huyu wa kijijini na mkono wake. Nikavaa sauti yangu ya darasani.

"Hapana kosa," nikasema. "Soma kama ilivyoandikwa."

Akashusha mkono polepole. "Wewe ndiye mwalimu," alisema, na wala hakusema kwa kejeli. Kamera ikaanza tena, nikazungusha pedali, na akasoma yote kutoka mwanzo hadi mwisho, maji safi na hatuna shida na tunashukuru, moja kwa moja, bila kigugumizi, macho kwenye kamera. Bwana Kimya alipiga makofi. "Mmeona?" alisema. "Mmeona? Kutoka moyoni!"

Asubuhi yake nilikuta kata zangu tatu nyuma ya nyumba, zimefunikwa ungo kama kawaida. Nilitamani zisingekuwepo. Darasani hakuja, wala siku ya pili, wala tena. Nilimuuliza mara moja, akasema amezeeka, macho yanauma, na akaendelea kuchambua mchunga. Aliendelea kunipikia na kuniita Mwalimu, akaitikia shikamoo yangu, na mpaka nilipoondoka hakunilaumu kwa neno moja, jambo ambalo nililichukia kuliko matusi. Barua ilijibiwa. Nikaenda chuo, nikawa mwalimu wa kweli, nikastaafu na cheti cha utumishi uliotukuka ambacho nimekitundika pale juu ya televisheni.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Gari la sinema lilifika hapa Korogwe, wakatundika shuka uwanjani, na mimi nikaiona nimesimama na wanachuo wenzangu walionipongeza kwa mwandiko ambao haukuonekana. Likizo iliyofuata nilikwenda Misima kumsalimu, nimebeba sukari na sabuni kama mtu mwema. Nyumba ilikuwa imekandikwa yote. Akanikaribisha kwenye mkeka uleule, akapokea zawadi kwa mikono miwili, akaniuliza habari za masomo. Ndipo akanieleza. Wanakijiji walikuwa wamechagua watu watano, yeye akiwa mmoja wao, wakaenda wilayani kuulizia pampu yao. Bwana wa maji alifungua faili, akalifunga. Akawaambia kijiji chao kimetolewa kwenye orodha, pampu imepelekwa kwingine kwenye shida. "Tukamwambia hatuna maji," alisema Bi Mwanjaa. "Akasema, mama, msiwe walafi. Nimewaona kwa macho yangu kwenye sinema. Akanitazama vizuri, akasema, si ni wewe uliyesema?" Akaufuta mkeka kwa kiganja. "Nikamwambia ndiyo, ni mimi."

Akainuka, akaenda mtungini, akarudi na kikombe cha bati kimejaa, akaniwekea mbele. Rangi ilikuwa ileile. "Kunywa, Mwalimu," alisema. "Maji safi." Nikanywa yote, mpaka mchanga wa chini. Kisima walikuja kukipata baada ya miaka mingi sana, na yeye hakukikuta.

Hayo yote Rehema hayajui. Yeye alikuwa anahangaika na taa, na maneno ya ofisi yakipanda kwenye kioo, na mimi nikisoma kama mtoto mtiifu jinsi tulivyojitolea, jinsi tulivyofundisha kwa upendo, na sauti yangu ilikuwa nzuri, nilijisikia mwenyewe. Kisha ukapanda mstari: Kisomo chetu kiliwapa wanakijiji sauti yao wenyewe. Nikasimama hapo. Nilijikuta nimenyoosha mkono, mimi mwanamke wa miaka sabini na ushee, kwenye kochi langu mwenyewe.

"Nini Bibi?"

"Hapa pamekosewa."

"Wapi?"

"Hapo, kwenye sauti."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilitaka aniambie soma tu, ofisi itakasirika, nipate kumtolea yote. Rehema aliinama, akagusa kishikwambi kwa kidole kimoja, na mstari mzima ukatoweka kwenye kioo, pakabaki peupe. "Haya, nimefuta," akasema, bila hata kuuliza sababu. "Sekunde tu, Bibi. Ungesema mapema. Tuendelee?"

Sikuweza kuendelea. Nilimwambia azime taa zake, macho yananiuma. Sekunde tu, amesema mtoto. Na siku ile pale Misima bafta ilikuwa mbele yangu, kopo lilikuwa miguuni pangu, rangi haijakauka, neno lenyewe ni moja, na brashi nilikuwa nimeishika mimi.